Dawe, Pini Niliisahau Mimi

Mwaka umetimia, Dawe, tangu Alhamisi ile ya tarehe 18 Julai 2024 tulipokupoteza kwenye mteremko wa kushukia kijitoni, karibu kabisa na nyumbani Ilembo. Waliokujua kama Mzee Celestin Bigirindavyi, fundi wa mikokoteni, watatuvumilia tukikuita Dawe, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kirundi, na ndivyo tulivyokuita sisi mpaka siku ya mwisho.

Karatasi hii itasomwa kigangoni baada ya misa yako, kisha itabandikwa dukani kwa Mzee Zubery kule Majengo. Mama amesema niiandike mimi, Rosine, mtoto wako wa kwanza, kwa mkono wangu. Familia nyingine huandika mistari sita na kuweka picha. Yetu itakuwa ndefu, kwa sababu mwaka mzima watu wa Ilembo na Nsemulwa wamesema kwamba uliuawa na breki uliyoitengeneza mwenyewe, na mimi nimewasikia nikanyamaza. Si kweli, Dawe. Nilijua tangu siku ile ile kwamba si kweli.

Nianze na mema, maana ni mengi na yananipa nguvu ya kufika huko mbele. Kila asubuhi ulipitia zizini kwanza. Ulimuuliza Waziri kaamkaje, ukamuuliza na mwenzake Mashine, ndipo ukakumbuka kwamba ndani kuna mke na watoto. Mama alikugombeza kutoka jikoni, "Baba Rosine, huyo Waziri ndiye amekupikia uji?" Wewe ulicheka tu, huku ukimpapasa Waziri shingo kutafuta vidonda.

Shingo za ng'ombe ndizo zilizokunyima usingizi. Mkokoteni wa ng'ombe wa huku kwetu hauna breki, kila mtu anajua. Kwenye mteremko mzigo wote unawasukuma ng'ombe kwa nyuma, nao wanauzuia kwa shingo zao, na mtu mmoja ananing'inia nyuma na kamba akiomba Mungu. Ulisema huo si usafiri, ni ugomvi. Ukaanza na gogo la mninga lililobanwa kwenye tairi kwa mti mrefu, likala tairi mbili kwa msimu mmoja. Ukaja na kamba ya kuvuta kutoka mbele, ikanasa kwenye vichaka kila baada ya hatua kumi. Ulichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, Mama akakandika udongo mpya juu ya michoro, nawe ukachora tena juu ya udongo mpya. Tulikucheka sana, na mimi ndiye niliyecheka zaidi kuliko wote.

Halafu ukaipata. Ulikata mti wa kati, ule wanaovutia ng'ombe, ukauingiza ndani ya bomba la chuma ili uweze kuteleza kidogo mbele na nyuma. Ng'ombe wakipunguza mwendo kwenye mteremko, mkokoteni unasogea mbele, mti unaingia ndani ya bomba na kusukuma chuma, na breki za pikipiki chakavu ulizofunga magurudumuni zinakamata zenyewe. Hakuna wa kuvuta kamba. Kadiri mzigo unavyosukuma, ndivyo breki inavyobana. Siku ya kwanza Waziri alishuka mteremko ule ameinua kichwa, na wewe ulilia mbele ya watu bila aibu.

Mikokoteni kumi na minne ilifungwa breki yako kati ya Ilembo na Nsemulwa. Na kwa kila mmoja ulikuwa na desturi yako. Siku ya kwanza ya kushuka, mwenye mkokoteni alikaa pembeni, wewe ukatembea mbele ya ng'ombe, mgongo wako ukiuelekea mzigo, bila kugeuka hata mara moja. Ulisema mtu akimuuzia mwenzake kitu cha kuzuia kifo, lazima kwanza ampe mgongo. Ukazoea hivyo, hata na mkokoteni wetu wenyewe ukawa unatembea mbele bila kugeuka.

Sasa nifike kwenye pini.

Breki ile ilikuwa na udhaifu mmoja, nawe hukumficha mtu. Ukitaka kuurudisha mkokoteni kinyumenyume, mti unaingia ndani ya bomba vile vile kama kwenye mteremko, na magurudumu yanakamata. Kwa hiyo ulitoboa tundu kwenye bomba na kutengeneza pini ya chuma, ndefu kama kidole cha kati. Ukiichomeka, mti hautelezi na breki inalala. Ukimaliza kurudi nyuma, unaichomoa. Kanuni ya nyumbani kwetu ilikuwa moja: aliyeichomeka ndiye anayeichomoa, na hakuna mtu mwingine anayeigusa, ili wawili wasije wakategeana. Tena uliifunga pini kitambaa chekundu kirefu, kilichoning'inia mpaka mbele machoni pa anayeongoza ng'ombe. Kitambaa kikionekana, mkokoteni hauendi popote.

Mwezi mmoja kabla ya msiba uliniambia tukiwa tunapukuchua mahindi, "Rosine, ile pini inanisumbua. Nataka ijitoe yenyewe ng'ombe wakianza kuvuta. Mtu anaweza akasahau."

Nikakujibu, "Nani asahau, Dawe? Labda wewe, uzee umeshaingia."

Ulicheka. Mimi sijacheka kwa sababu ya jibu lile tangu mwaka jana.

Alhamisi ile tulipeleka mahindi kwa Mzee Zubery. Ua wake ni mwembamba, mkokoteni hauingii ila kinyumenyume. Nilichomeka pini, ukawarudisha ng'ombe taratibu mpaka mlango wa ghala. Katika kushusha, gunia moja lilipasuka mdomo na mahindi yakaanza kumwagika. Sikuwa na kamba. Nilifungua kile kitambaa chekundu kwenye pini nikafungia gunia, nikijisemea nitakirudisha sasa hivi. Tukapakia mifuko kumi na miwili ya saruji ya sakafu ya jiko la Mama. Mke wa Mzee Zubery akaniita ndani nione vitenge vilivyoingia.

Uliniuliza kutoka nje, "Rosine, tayari?"

Nikasema, "Tayari, Dawe, tangulia. Nakuja na boda."

Hukukagua. Ilikuwa zamu yangu, na kitambaa hakikuwepo. Njia yote kutoka Majengo ni tambarare, breki haina kazi mpaka pale kwenye mteremko. Ulitembea mbele ya Waziri na Mashine kama kawaida yako, hukugeuka. Na mimi nilikuwa nachagua kati ya kitenge cha bluu na cha njano.

Nilipofika na boda, mkokoteni ulikuwa umelala ubavu, saruji imemwagika njia nzima, na wewe uko chini ya mti wa kati. Dereva wa boda alitupa pikipiki yake akakimbia kuita watu. Nilibaki peke yangu. Niliiona pini mahali pake pale pale nilipoichomeka. Niliichomoa nikaifunga kwenye pindo la kitenge nilichovaa. Watu walipofika na kuinua mkokoteni, wakasukuma mti, breki ikakamata vizuri kabisa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi hii kitu ina kigeugeu. Inashika ikitaka." Neno hilo lilifika msibani kabla ya jeneza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema msibani, sikusema. Nilikuwa na nafasi kwenye arobaini, sikusema. Niliwaangalia wenye mikokoteni wakija mmoja mmoja kutupa pole, na wiki hiyo hiyo nikasikia wanang'oa breki zao. Kazi yako ya miaka tisa ilitupwa kwenye mafungu ya vyuma chakavu, na aliyejua ukweli alikuwa anawagawia chai.

Mwezi wa tano mwaka huu Kaka Nyanda, yule Msukuma wa Nsemulwa, alishuka na mpunga bila breki. Dume lake moja likasukumwa na mzigo, likaanguka na kuvunjika mguu, ikabidi lichinjwe pale pale njiani. Nilimkuta amesimama juu yake. Akaniambia, "Dada Rosine, mimi nimeumia, lakini bora niliing'oa ile breki ya mzee. Pengine ingeniua mimi." Alisema kwa heshima, hakutaka kuniumiza. Na mimi nikamjibu, "Pole, kaka." Nilisema pole tu, Dawe, nikapita.

Ni mjane Thacienne peke yake aliyekataa kuing'oa. Walimcheka, akawaambia, "Nyie ng'oeni. Mimi nimeshuka nayo miaka mitatu. Celestin hakuwa mtu wa kunidanganya." Tangu hapo nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Mama mtu mzima asiyejua kusoma alikuamini kuliko mwanao niliyeshika pini mkononi.

Wiki mbili zilizopita tulikaa kuandika kumbukumbu hii. Mdogo wangu Arcade alikuwa ameshaandaa maneno, mazuri tu, ya baba mpendwa na mapenzi ya Mungu. Alipofika kwenye "ajali iliyosababishwa na hitilafu ya breki" nikashindwa. Niliitoa pini sandukuni nikaiweka mezani, nikasema yote mbele ya Mama.

Arcade alikuwa wa kwanza kusema. "Dada, hii ibaki humu humu ndani. Baba ameshakufa, haitamrudisha. Ukisema, watu watakuitaje?"

Mama aliishika pini, akaigeuzageuza, akaniuliza kama ni yenyewe. Nikasema ni yenyewe. Akasema, "Mwaka mzima tunakula sahani moja, Rosine." Kisha akamgeukia Arcade. "Unaogopa watamwitaje dada yako. Na baba yako wanamwitaje?"

Arcade akainama. Mama hakulia siku ile wala hakunikumbatia. Siku tatu hakuongea na mimi ila kuniambia chakula kiko tayari. Siku ya nne alinikuta zizini akasema, "Andika. Usijipunguzie hata neno moja."

Kwa hiyo naandika kwa wote watakaosikia. Breki ya Mzee Celestin Bigirindavyi haikumuua. Iliwekewa pini na binti yake, binti yake akafungua kitambaa, binti yake akasema tayari wakati haiko tayari. Kaka Nyanda, nisamehe kwa dume lako na kwa pole yangu ya uongo. Mama Thacienne, ulikuwa sahihi, na nitakuja kwako mwenyewe badala ya kupita njia ya pembeni. Nyie wote kumi na watatu mlioing'oa, vyuma mlivyovitupa ni vizima. Na ile pini inayojitoa yenyewe, ambayo Dawe hakuwahi kuimaliza, mchoro wake uko kwenye ukuta wetu wa jiko. Mama amekataa usikandikwe. Fundi yeyote aje auone.

Mama aliisoma karatasi mpaka hapo, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akaniangalia sana. Akasema, "Nilikuambia usijipunguzie."

Sijui alijuaje. Basi nalo liko hivi. Nilipofika pale mteremkoni, Dawe, ulikuwa bado unapumua. Ulikuwa umefumbua macho na ulinyoosha mkono upande wangu. Niliuona mkono wako, na niliiona pini. Nilikwenda kwenye pini kwanza. Nilipomaliza kuificha ndipo nikapiga magoti nikakushika, na mkono ulikuwa umeshalegea. Sijui kama uliona nilichokuwa nafanya. Naomba usiku na mchana uwe hukuona, na papo hapo natamani ungekuwa umeona, ili angalau ungekufa ukijua kwamba kazi yako haikukuangusha.

Unakumbukwa na mke wako Vénérande, mwanao Arcade na mke wake Specioza, wajukuu zako wanne, ndugu zako wa Katumba, Mzee Zubery na jamaa zake wa Majengo, majirani wa Ilembo na Nsemulwa. Na mimi Rosine. Hatutakusahau kamwe, Dawe. Breki yako ilishika kila mteremko, isipokuwa ule mmoja ambao mimi niliizuia.