Kasuku Alikojifunza Kuchelewa

Nyumbani,
Tarehe 9 Machi

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu. Goti linaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nami nakujua: umeshazipanda. Shemeji je, na wapwa zangu? Huku sote ni wazima. Presha yangu imeshuka tangu nilipostaafu gazetini, ingawa mke wangu anadai imehamia kwake.

Ningekupigia simu, lakini jambo ninalokuandikia lina pande mbili, nataka uzione zote kabla hujakasirika.

Ni habari za Kasuku, binti wa mdogo wetu. Albamu yake ya tatu ya jazi iko tayari, imebaki kuchapwa jalada. Magazeti humsifu zaidi kwa jambo moja: kuchelewa kuingia. Bendi inafika kwenye neno, yeye hayupo. Halafu analiweka pale ulipokuwa umeshakata tamaa, nalo linakaa. Kwa miaka kumi na miwili waandishi, nami nikiwemo, tumemwuliza alikoutoa mtindo huo, na jibu lilikuwa lilelile: santuri za waimbaji wa ng'ambo, na mzee mpiga tarumbeta wa bendi ya hoteli, aliyemchukua akiwa na miaka kumi na tisa aimbe mchana, watu wakitafuna. Kuimba kwa sauti ya chini alisema alijifunzia katika karakana ya baba yake ya fremu na vioo. Akipaza sauti, vioo vilivyoegemezwa ukutani vilitetemeka, naye akafukuzwa.

Yote ni kweli, nimeyahakikisha. Ila mzee wa tarumbeta aliniambia kwamba binti alifika kwake siku ya kwanza akiwa tayari anachelewa, hata yeye akadhani hajui kuhesabu.

Mwezi uliopita mtangazaji wa redio alimwuliza tena. Safari hii alijibu: "Kwa baba. Baba ana kigugumizi. Nilikua nikisubiri maneno yake, nikagundua kwamba neno likichelewa, unalisikiliza zaidi." Akaongeza kuwa hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye jalada.

Hakuwa amemwambia baba yake. Mdogo wetu alikuwa karakanani, redio imewashwa, wateja wawili wanasubiri fremu zao. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, akamwambia, "Fundi, kumbe wewe ni mwalimu wa muziki na unatuficha." Mdogo wetu akazima redio, akamaliza kukata kioo chake. Kwa wiki tatu hakupokea simu ya binti yake.

Najua umekumbuka nini. Binti akiwa na miaka sita ulimzaba kofi kwa kumwigiza baba yake mbele ya wageni, na jina la Kasuku ulimpa siku hiyohiyo. Nimemwuliza. Anasema hakuwa akimdhihaki. Alitaka kujua neno hukaa wapi kabla halijatoka. Kofi analikumbuka, kinyongo hana. Ila anasema ndilo lililomfanya awataje watu wa ng'ambo miaka yote hiyo.

Nilikwenda karakanani. Mdogo wetu alinipa kiti na kikombe cha chai, akaendelea kupima. Alichosema sikiandiki jinsi kilivyotoka, nakupa maneno yenyewe: "Mwalimu alinichapa kwa kitu hiki. Kazi ya benki niliikosa kwa kitu hiki. Yeye anapigiwa makofi."

Nilimaliza chai, nikaaga.

Binti nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Hakulia wala kujitetea. Kesho yake akaenda mwenyewe, akamwambia baba yake kwamba mchapaji ameambiwa asubiri hadi mwanzo wa mwezi ujao, na bila idhini yake hakuna kitakachoandikwa. Kisha akamwomba aje mazoezini. Tamasha la uzinduzi aliache kama hataki.

Mdogo wetu alikubali, nikamsindikiza. Wanafanyia mazoezi katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro: piano, besi, ngoma, viti vya plastiki. Walirudia wimbo mmoja mara nne. Kila binti alipochelewa, mpiga besi alishikilia noti ileile, mpiga ngoma akaacha brashi zake za kupigia hewani, wa piano akaondoa mikono. Hakuna aliyemsukuma. Mdogo wetu hakumtazama binti yake kabisa, aliwatazama wao.

Walipopumzika alimwita mpiga ngoma, mtu mnene mwenye mizaha, akamwuliza kwa nini asipige tu wimbo uendelee. Swali lilichukua muda. Yule bwana alilisubiri lote, brashi kwapani, kisha akacheka. "Nimmalizie, mzee? Neno si langu."

 Tuliporudi, mdogo wetu aliniambia mlangoni kwake kuwa jibu la jalada atalitoa akishazungumza na wewe.

Ndiyo maana nakuandikia, dada. Tangu shuleni wewe ndiye uliyesema badala yake: dukani, kwa mwalimu, hata siku ya harusi yake ulimmalizia hotuba, tukacheka sote, naye akiwemo. Ulifanya kwa mapenzi. Mimi nilikuwa nikimmalizia kwa sababu ya haraka tu, kwa hiyo sina kidole cha kukunyooshea.

Atakupigia mwenyewe Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za huku. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Binti yake atatii lolote. Nilimwuliza mdogo wetu atasema nini, hakuniambia. Ninachokuomba ni kimoja. Akikwama, usimsaidie. Hata kimya kikizidi ukadhani laini imekatika, usikate. Yuko pale.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote, hasa kitinda mimba na kazi yake mpya. Mke wangu anakusalimu sana. Mungu awatunze, na atukutanishe tukiwa bado na meno ya kuchekea.

Wako akupendaye daima,
Kaka yako