Likizo ya Khairiya

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Khairiya ana mimba ya miezi minane na bado yuko kwenye cherehani. Tumbo linafika mezani kabla yake! Leo kamwomba Bi Nadra, tajiri wetu mwenye karakana, likizo ya uzazi. Bi Nadra kacheka, kamkumbatia. Likizo ya nini, sisi si familia? Akishajifungua apumzike wiki mbili, kisha aje na mtoto wake hapa hapa.
Tukiomba kitu, sisi familia. Tukichelewa dakika tano — wafanyakazi!

Jumatano, 4 Septemba
Wenzangu wamenituma mimi nikaseme na Bi Nadra. Eti Mardhiya ana mdomo. Nikaingia ofisini. Shikamoo, marahaba, akanitilia chai, akamuulizia mama yangu. Nikatoka nshakula visheti vitatu — likizo sikuitaja! Mwatum, jirani yangu wa cherehani, kacheka mpaka sindano imemkatikia.

Alhamisi, 5 Septemba
Wazo la Mwatum: Bi Nadra si kasema mtoto aje? Basi waje wa kila mtu. Jumamosi hakuna skuli.
Nnaogopa. Anaweza kutufukuza sote. Lakini mimi nilipozaa nilirudi kwa siku kumi na nne, maziwa yakinivujia juu ya sare za watu. Sikusema neno.

Jumamosi, 7 Septemba
Watoto kumi na mmoja! Wawili wanagombania futi ya kupimia. Wa Mwatum kakojolea kitambaa cha mashati ya hoteli. Na hapo hapo — meneja wa hoteli, kutoka Paje, kaja kutazama sare zake!
Bi Nadra katabasamu. Hawa ni familia, akamwambia.
"Na nani anashona?" meneja akauliza.
Bi Nadra kanikazia macho mimi. Mdomo umefunguka:
"Tutashona, Bi Nadra. Khairiya apewe miezi mitatu, na mshahara wake. Kwa maandishi."
Bi Nadra kaniita ofisini. Chai hamna. Kanisukumia karatasi: haya, andika hayo unayoyataka. Nimeandika. Kauliza, wengine nao wakizaa watataka hivi hivi?
"Naam. Sote."
Sasa kalamu ya kutilia saini iko mkononi mwake, na mimi nnaandika haya daftari likiwa magotini, chini ya meza. Huko nje hakuna cherehani hata moja inayolia.
Karatasi ina mistari miwili tu. Anaisoma mara ya tano.