Baba, Kiwanda cha Sukari Hakikufungwa

Baba, shikamoo. Na mama naye nampa shikamoo yake. Mimi huku sijambo, nakula, nalala, joto la huku tambarare chini ya Moshi nimeshalizoea. Kikohozi chako kimeachia? Maharage yameota? Neema mdogo wangu, wewe unayemsomea baba, kama kuna wageni hapo uani subiri kwanza waondoke, halafu soma taratibu bila kuruka. Ningepiga simu, ila maneno haya kwenye simu yangenikwama.

Baba, ulituambia kiwanda cha sukari kilikufa, ndiyo maana ukarudi Kasulu. Nilipoaga mwaka juzi nije kukata miwa ulikasirika, hata mkono hukunipa. Nimefika nikakuta kiwanda kinafuka, matrekta ya miwa yamepanga foleni. Nikachukua panga, nikakata miwa. Msimu huu wamenitoa shambani wakaniingiza ndani, naosha sakafu kwenye yale mapipa makubwa ya kupikia sukari, wenyewe wanayaita pani. Kazi nzuri, hakuna masizi ya miwa iliyochomwa. Nafagia huku naangalia.

Yupo mpishi wa sukari, Mzee Minja, mtu wa Kibosho. Walishamstaafisha, ila msimu ukianza wanamwita afundishe vijana. Anachota uji wa sukari kidogo, anaubana kwa vidole viwili, anauvuta kama uzi, anasema "bado" au "shusha". Vipimo vipo ukutani, lakini wote wanamsubiri yeye.

Siku ya kwanza humo ndani msimamizi aliita majina. Aliposema "Eliya Bukuru," mzee akageuka.

"Bukuru wa Kasulu ni nani yako?"

Baba, nisamehe. Alivyoniangalia nikaogopa, nikasema simjui. Wiki nzima nikawa napita mbali naye, maana nimekukana wewe baba yangu mzazi.

Jumamosi akanikuta nakunywa chai. "We kijana, unasimama kama Bukuru, mguu mmoja kazini, mmoja likizo. Haya, endelea kunidanganya."

Nikaangalia chini. "Ni baba yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Akageuza ndoo yangu akaikalia, akavua kofia. "Alikwambia kwa nini alikimbia?"

"Alisema kiwanda kilifungwa."

"Kifungwe wapi! Kimekuwa cha wageni, kikawa cha serikali, kikauzwa kwa wageni wengine, na miwa inaingia tu!"

Ndipo akanieleza. Wazee waliomtangulia walikikuta cha wageni, miwa inaletwa na kitreni kidogo. Kisha serikali ikakichukua, ndipo mkaingia nyinyi. Vipuri hakuna, mitambo mnaifunga kwa waya na raba, lakini jioni mnacheza mpira. Baadaye kikauzwa, ikaja mitambo mipya, watu wakapunguzwa. Majirani zake wengi waliondoka wakati huo, anasema hilo bado linamuuma.

Na ile siku yako ameieleza. Pampu ilikufa mchana. Alikuachia pani akakimbilia fundi, akakwambia uwe unatia maji, uji usikaze. Wewe kwa woga ukafunga maji. Aliporudi pani nzima imekuwa jiwe. Mkaingia humo ndani na sururu siku nne, mnachimba sukari. Enzi hizo anayeharibu mali ya umma anaitwa mhujumu, anafungwa. Siku ya tano kitanda chako kitupu, hata godoro umeliacha.

"Baba yako kaukimbia mkoa kwa pani moja!" akasema kwa sauti, vijana wote wakasikia. "Mimi nimeshagandisha mbili, na bado wananiita nifundishe!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, machozi yananitoka.

Halafu akanivuta pembeni. Baba, polisi hawakuja. Meneja aliandika ni pampu, yakaisha. Aliyekutafuta ni yeye Minja, siku mbili yuko stendi anaangalia kila basi. Anasema, "Mwambie kosa kubwa ni langu. Nilimwachia pani mtu aliyekuwa na miezi miwili tu humu ndani."

Sasa nimeelewa kwa nini gari geni likisimama barabarani wewe huwa unaingia ndani. Mimi nilidhani hupendi wageni.

Jumapili alinipandisha kwake Kibosho. Mkewe akapika mtori, ule mchuzi wao mzito wa ndizi na nyama, akaniongeza mara tatu bila kuniuliza. Mzee ananifundisha kuvuta ule uzi kwa vidole. Juzi nilisema "bado" kabla yake, akatikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo msimu ukiisha nitakuja kuwaona, halafu kwa ruhusa yako nitarudi huku.

Barua hii nampa mwenzangu anayekuja huko. Jumapili ya mwisho wa mwezi, ibada ikitoka, nitakuwa Kibosho na mzee, tutapiga simu ya Neema. Usimwambie mtoto aseme umeenda shamba. Huyu mtu hana neno baya na wewe, anataka tu kusikia sauti yako.

Nisalimie bibi, mwambie blanketi lake nimeshalinunua. Nisalimie mjomba Yeremia wa ng'ombe na shangazi Tabu, muuza mawese. Mama asihangaike, nimenenepa.

Baba, pokea hiyo simu.

Mwanao,
Eliya Bukuru