Panga Arobaini na Moja

Jumanne, nyumbani Waithaka

Kosa ni langu, si la mashine. Mashine husoma kila inachokikuta.

Wambui haoni tangu utotoni. Asubuhi aliingia ofisini kwetu Hurlingham na bila salamu akaipiga meza yangu kwa fimbo yake nyeupe, kikombe kikaanguka na kuvunjika. Mwezi jana nilisahihisha kitabu cha ushuhuda wa mauaji ya kijijini kwao, ili simu iweze kuwasomea wasioona. Baba yake yumo.

"Mwalimu, mama aliniambia baba alikatwa mara moja tu. Kwani alinidanganya? Siku tatu sasa simu inasema panga arobaini na moja!"

Nikafungua kitabu chenyewe. Ukurasa unaishia "jirani yake alimpiga panga", na unaofuata unaanza "shingoni, akafa palepale". Juu yake kuna namba: 41. Katika nakala ya simu niliiacha katikati ya sentensi. Namba ya ukurasa hukaa mstari wake peke yake, kabla ya aya au baada yake. Nimelifundisha hilo mara ngapi!

"Ilikuwa moja," nikamwambia. "Arobaini na moja ni namba ya ukurasa. Mama yako alisema kweli."

Aliketi. Alilia kwa sauti, nami nikaokota vigae vya kikombe. Siku tatu nzima alimwona baba yake akilini akikatwakatwa, kwa sababu yangu.

Nikamwambia naifuta namba hiyo sasa hivi.

"Usiifute, Mwalimu. Iweke kabla ya hiyo aya. Nikisikia arobaini na moja, nitajua pa kuruka."