Gia Boksi Ndani ya Mabeseni

Nyumbani,
Chumba cha uani,
14 Agosti 1996.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha. Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiatu kimoja? Sisi huku hatujambo, kwa maana kwamba tunakula na tunalala. Mengine nitakueleza, ila keti kwanza.

Mama bado yuko kitandani na ile nyonga yake. Daktari amempangia upasuaji tarehe mbili mwezi ujao. Tukiikosa siku hiyo tunarudi mwisho wa foleni, na mfupa ukiunga vibaya mama hatatembea tena. Hawezi kukaa, lazima asafirishwe amelala chali. Tulijaribu kumwingiza kwenye teksi, akapiga ukelele mpaka nikaomba arudishwe ndani. Gari la wagonjwa la hospitali nalo liko gereji, limepandishwa juu ya matofali. Cheka tu, hata mimi nilicheka, kisha nikalia.

Tegemeo letu lilikuwa ile vani yetu kuukuu, na yenyewe imegoma. Injini inawaka, gia inaingia, lakini ukiachia klachi inanguruma tu na gari limesimama palepale. Tuliisukuma kutoka kona ya duka la mkate hadi uani. Mimi nilikuwa nyuma natokwa jasho, baba yuko kwenye usukani anapiga honi utadhani anaongoza msafara wa harusi.

Unamjua baba, hafungui kitu kabla ya kusikiliza. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye gia boksi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alipofumbua akatangaza: "Beringi ya gia boksi hiyo." Hakuna aliyebisha, kwani nani amewahi kumbishia?

Alipoingia ndani kunawa mikono, akapita Tochi, yule aliyejifunza ufundi kwake na sasa ana gereji yake mwenyewe. Akainama, akamulika chini ya gari, akaniambia niwashe na kuingiza gia. Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ikazunguka bila shida, ila magurudumu ya nyuma yakatulia tuli. "Gia boksi haina neno," akasema. "Ingekuwa imekufa, propela isingezunguka. Hapo ekseli ya nyuma imekatika. Ni kazi ya asubuhi moja tu, dada." Nikamsihi amweleze baba. Akazima tochi yake. "Huyo ni mwalimu wangu. Nimkosoe mbele ya gari lake mwenyewe?" Akashika njia.

Basi baba ameiteremsha gia boksi na kuifumua yote. Kila beseni la nyumba hii limejaa gia na mafuta meusi, na mimi nafulia kwenye sufuria. Beringi zote alizikuta nzima. Akabadilisha moja hivyohivyo, akairudisha gia boksi mahali pake, na gari halikusogea hata unyayo. Sasa anaiteremsha tena. Mgongo unamuuma, msaada hataki, na chakula anakula amechuchumaa kando ya gurudumu.

Nilikwenda kumweleza mama aliyoyasema Tochi. Kumbe yeye ana yake. Akaniambia nifunge mlango. "Baba yenu hasikii tena," akasema. "Sikio la kulia lilikwisha tangu mwaka jana, na la kushoto ndilo hilo linafuata. Mimi huongea naye nikimtazama usoni, anasoma midomo." Nikakumbuka anavyokaa mbele ya redio isiyoshika stesheni, inakwaruza tu, naye ametulia kabisa.

Nikasema basi tumwambie, na Tochi aitwe. Mama akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Usithubutu. Masikio yake ndiyo kazi yake. Siku utakayomwambia hayapo, atalala hapa kando yangu na hatainuka. Utatuweza wawili kitandani?"

Tangu hapo mikono yangu imefungwa. Nawakasirikia wote wawili, nawaonea huruma wote wawili, na siku hazitusubiri. Nikimtii mama, hatembei tena. Nikimwambia baba, nammaliza. Kila asubuhi nampa spana anayoitaka na kumtazama akifungua kitu kizima.

Kaka, wewe ndiye mtoto wake wa kwanza. Mwandikie. Masikio usiyataje, na Tochi usimtaje. Mwambie vani ya huko kazini kwenu ilikuwa na ugonjwa huohuo, mkahangaika wee, kumbe ni ekseli ya nyuma. Mwulize kama aliwahi kuona jambo la namna hiyo. Naamini ataifungua siku hiyohiyo ili akujibu. Mimi nikisema atajua nimetumwa. Ila sijui kama jibu lako litawahi tarehe mbili. Nilimuuliza karani wa posta, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Usipige simu dukani. Najua unaumia, unasema ulimweleza baba kuwa mtoto amelazwa, naye akajibu "vizuri, vizuri" na kukata. Hakukusikia, Kaka. Hajakusikia tangu mwaka jana. Lakini kila ukipiga anavaa shati safi na kwenda, halafu anarudi na kuketi kando ya mama, anamsimulia habari zako. Umepandishwa cheo. Umenunua baiskeli. Anazitunga njiani ili asirudi kwa mama mikono mitupu. Nilimuuliza baiskeli yenyewe ni ya rangi gani, akasema ya kijani.

Kwenye barua yako, tafadhali, mwambie hiyo baiskeli inakwenda vizuri.

Msalimie wifi, wapakate mapacha kwa niaba yangu, na mpe pole yule mdogo aliyelazwa. Shangazi anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mungu akulinde njiani na kazini, na aikimbize barua hii.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Kitinda mimba