Dawa ya Kwato

Oltepesi,
9 Machi 2003

Kwa Nasike, bibi ya mwanangu,

Takwenya. Sisi huku tuko wazima, mbuzi wako wazima, mvua hakuna. Nyinyi Kitengela mko aje? Nauliza kwa desturi tu, maana habari ya Gideon nimeshapata.

Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma ngumbaru, shule ya watu wazima, miaka mbili, na hii sitaki mtu aniandikie. Parsaoti alilala kwenu Jumamosi. Anasema ndugu yake amekonda, anatapika chai ya asubuhi, na anakanyaga chini kama mtu asiyesikia miguu yake. Akaingia jikoni kwako kutafuta sukari, na nyuma ya mkebe wa unga akakuta chupa ya tembe. Parsaoti Kiingereza si chake, lakini hayo maneno anayajua, kwa sababu yako kwa gunia letu hapa: zinki salfeti. Ni ile poda tunayeyusha kwa maji, mbuzi wanapitishwa ndani wakati kwato zinaoza.

Sasa niambie, kwato za mwanangu zimeoza lini?

Miaka saba uko kwa boma yetu bila mtoto, nikanyamaza. Umesikia nimemtafutia msichana wa Kimuka, ndiyo unamlisha sumu akose nguvu ya kuoa? Nijibu. Ukinyamaza nitajua ni kweli.

Mama ya Gideon


Kitengela,
16 Machi 2003

Kwa Yeyo, mama ya Gideon,

Iko, kama mlivyonifundisha kuitikia Takwenya. Nimepokea salamu zako na matusi yako kwa bahasha moja. Mimi niko mzima, namshukuru Mungu. Gideon hayuko sawa, hapo Parsaoti hakudanganya.

Hiyo chupa siijui. Nilipomaliza kusoma barua yako nilienda nyuma ya mkebe wa unga, nikakuta utando wa buibui tu. Mtu ameihamisha, na nyumba hii tunakaa wawili.

Na mimi nina swali langu. Ile supu ya mizizi unayomtumia kila mwisho wa mwezi, ndani umetia nini? Alianza kutapika baada ya Krismasi, alipotoka kwako. Haki ya Mungu Yeyo, mimi si mchawi. Kama unataka kunitoa kwa hii ndoa, nitoe mchana watu wakiona. Nasikia huyo wa Kimuka ameshaanza kutengenezewa shanga.

Mtoto wako,
Nasike


Oltepesi,
30 Machi 2003

Nasike,

Salamu. Tuko wazima.

Supu yangu ni ya mizizi ya olkiloriti, ule mti wa dawa. Hata wewe uliinywa hapa ukaomba kikombe cha pili, mbona hukufa? Usinigeuzie maneno. Nyumba ya watu wawili, mmoja anaugua, mwingine hajui kitu! Hata mtoto hawezi kukubali hiyo.

Wiki baada ya Pasaka wazee watakuja huko. Utawaambia wao.

Mama ya Gideon


Kitengela,
13 Aprili 2003

Kwa Yeyo,

Takwenya. Natumaini hii itakupata mzima. Tafadhali isome peke yako, hata Parsaoti asiione.

Chupa nimeipata. Ilikuwa ndani ya buti za Gideon za kiwandani. Sikumwambia kitu. Nilichukua tembe moja nikampelekea daktari Nzau wa kliniki ya hapa stendi. Akaniambia ni zinki kweli. Mwili unaitaka kidogo tu, vidonda vipone, watoto wakue, hata mbegu ya mwanaume inaitegemea. Lakini mtu aliyelelewa kwa nyama kama Gideon si rahisi aikose. Na ikizidi siku nyingi inafukuza madini ya shaba mwilini, damu inapungua, miguu inakufa ganzi. Poda yenu na tembe hizi ni jamii moja, Yeyo, hukukosea sana. Za watu zimesafishwa na kupimwa. Sumu iko kwa kipimo.

Jioni nikaweka chupa mezani, mbele ya chakula. Gideon alilia, Yeyo. Sijawahi kumwona akilia. Akanitolea karatasi ya hospitali, ya miaka miwili iliyopita. Hana mbegu. Hata moja. Mwenzake kazini alimuuzia tembe akamwambia zitaleta. Alianza na moja kwa siku kama chupa inavyosema, Krismasi ilipopita bila kitu akaongeza mpaka sita.

Miaka miwili alijua, na kila mwaka ananipeleka kwa maombi nitolewe laana!

Nimemwahidi sitasema. Lakini mficha uchi hazai, na wazee wanakuja. Niambie niwaambie nini.

Mtoto wako,
Nasike


Oltepesi,
19 Aprili 2003

Kwa mtoto wangu Nasike,

Takwenya, takwenya tena. Sina haki ya kuuliza afya yako lakini nauliza.

Wazee nimewazuia. Yule wa Kimuka nimerudisha neno kwao, ndoa hakuna.

Gideon alipokuwa kijana, jando hata haijapona vizuri, alipata matubwitubwi. Mashavu yalivimba, halafu uvimbe ukashuka chini. Alilia siku tisa. Mtu wa zahanati aliniita kando akasema, mama, huyu huenda asizae. Sikumwambia baba yake. Sikumwambia Gideon. Ulipoletwa hapa nilikuwa najua.

Nilisema huyo mtu wa zahanati si Mungu. Halafu miaka ikapita, nikasema wacha aolewe mwingine, pengine ataleta mtoto na hatutamuuliza ametoka wapi. Wewe ungebeba lawama, na mwanangu angebaki mwanaume. Nilikuona umekubali kubeba nikaona ni sawa.

Mwambie Gideon kwamba mama yake anajua. Atupe hizo tembe.

Mama yako,
Naipanoi


Kitengela,
4 Mei 2003

Yeyo,

Tembe ziko chooni. Daktari Nzau amempima damu, iko chini, lakini anasema itarudi. Miguu itachukua muda. Nimemsomea barua yako.

Mimi naenda kwetu Kimilili kesho. Sijakimbia, Gideon anajua, na akitaka kunifuata njia anaijua. Nimechoka tu. Miaka saba mama yangu hakai na wenzake kanisani kwa sababu wanamuuliza kama amezaa jiwe.

Ukitaka nirudi, njoo Kimilili wewe mwenyewe, usimtume mtu. Simama mbele ya mama yangu umsomee hayo uliyoniandikia, yote, kwa sauti. Barua nimeibeba.

Nasike