Mikono Haivunjiki Yenyewe

Alhamisi, hapa mjini Wote. Mawingu tangu asubuhi, mvua bado. Ni lile joto la kungoja mvua, linalomfanya mtu agombane hata na mlango. Lakini mimi leo sina ugomvi na yeyote. Nimefika nyumbani saa kumi na moja, nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki hapa nje, ndipo nikagundua mabega yangu yameshuka. Sikujua kwamba nimeyabeba juu miezi minne.

Nianze mwanzo, maana wengine mnapita hapa kwa mara ya kwanza.

Nina kibanda cha kupiga chapa na fotokopi karibu na soko. Napiga barua za chifu, mitihani ya shule, programu za mazishi. Mwaka juzi, mwalimu anayefundisha katika gereza moja upande wa Kitui aliniletea kurasa za wafungwa. Wana darasa la kuandika, na alitaka waone hadithi zao zikiwa zimepigwa chapa vizuri. Nikazipiga. Halafu, sijui nani alinituma, nikaanza kuandika kwa penseli pembeni: hapa umenichekesha, hapa sijaelewa, yule ng'ombe alienda wapi? Mwalimu alipokuja tena alikuja na majibu. Ndivyo nilivyoanza kuandikiana na watu ambao sijawahi kuwaona, barua zikisomwa kwanza na askari kama ilivyo kawaida ya huko.

Mmoja wao nitamwita Kyalo. Majina yote hapa nimeyabadilisha, na wenyewe wameniruhusu niandike.

Kyalo ana mkono wa kuandika. Aliwahi kuandika kurasa mbili kuhusu sauti ya funguo tu, na nilipomaliza nikajikuta nautazama mlango wangu. Kabla ya kufungwa alikuwa akipakia mchanga kwenye malori. Malori yalikuwa yakiingia mtoni kwao, vijana wanashuka na mabeleshi, mto unabaki mifupa. Wanakijiji wakachoka, wakaanza kuulinda. Siku moja kukawa na fujo, mtu akaumizwa, na Kyalo akahukumiwa miaka sita.

Mwezi wa sita alinitumia hadithi ya siku hiyo. Ilikuwa nzuri. Jua ulilihisi, injini ya lori uliisikia. Kisha, karibu na mwisho, sentensi hii: "Katika vurugu hizo mkono wa mtu ukavunjika."

Niliisoma mara tatu. Sikuchukua penseli. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: "Mikono haivunjiki yenyewe, Kyalo. Nani aliuvunja? Na huyo mtu hana jina?"

Baada ya hapo, kimya.

Mwezi uliofuata mwalimu alileta kurasa za wengine, za Kyalo hazikuwemo. Mwezi mwingine akaniambia ameacha kuja darasani. Mwezi wa tatu wa kimya hicho akasema anakaa peke yake upande wa bustani ya sukumawiki na hasemi na mtu. Mwalimu hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Wacha nikiri. Kwa miaka saba nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ndoa yangu ilivunjika, kana kwamba ni sahani iliyoteleza kutoka kabatini. Najua vizuri sana nani aliivunja. Hakuna aliyewahi kunijia na kalamu nyekundu. Sasa mimi ni nani wa kumwendea mtu aliyefungiwa, asiyeweza hata kutoka nje akapunga hewa baada ya kuyasoma maneno yangu? Siku moja nikiwa napiga programu ya mazishi ya kijana wa watu, wazo likanijia kwamba huenda ipo siku nitapiga ya Kyalo. Nilifunga kibanda mapema.

Jumatatu hii aliingia afisa wa probesheni, idara inayofuatilia wafungwa, mama mpole wa rika langu, na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na kurasa kumi na moja, mwandiko wa Kyalo. Sentensi ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama.

"Nilimvunja Mama Ndinda mkono wa kushoto kwa beleshi."

Nikakaa.

Afisa alinieleza. Kyalo hakuwa amekasirika. Alikuwa ameomba huyo mama aulizwe kama angekubali kusikia anachoandika, na akaapa hatagusa hadithi nyingine mpaka ajibiwe. Ujumbe ulipita kwa chifu, ukapita kwa pasta. Mama Ndinda alikataa mara mbili. Mara ya tatu afisa alikwenda mwenyewe, akamweleza habari ya ile kalamu nyekundu, na mama akasema sawa, lakini aliyeuliza swali ndiye aje amsomee. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kifungo cha Kyalo kinakaribia kwisha, na kwao ni ng'ambo tu ya bonde kutoka kwa mama huyu. Mama akisema hamtaki, Kyalo itabidi atafute kwingine kwa kuishi.

Kwa hiyo leo mimi na afisa tulikwenda.

Mama Ndinda amepita miaka sitini. Zamani alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani, na watu wa mbali walikuwa wakiagiza kwake. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya jikoni, anachambua mbegu za pojo kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine anachomwekea. Nilimwamkia, nikamwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Akatupa chai. Akaniambia nisome, na nisikimbie.

Nilisoma. Kwenye ukurasa wa nne, pale Kyalo anapoandika kwamba aliusikia mfupa, niliweka karatasi chini nikanywa chai. Yeye aliendelea kuchambua. Kwenye ukurasa wa saba akainua mkono.

"Hapo amekosea."

Nilikuwa nimesoma: "Alikuwa akipiga kelele mbele ya lori."

"Sikupiga kelele," akasema. "Nilimwita. Nilisema, Kyalo, mwana wa Kalondu, shuka twende nyumbani. Huyo mtoto nilimbeba mgongoni mamake akiwa mgonjwa. Aandike hivyo."

Afisa alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilitoa penseli nikayaandika maneno hayo pembeni kama alivyoyasema, neno kwa neno.

Nilipomaliza ukurasa wa mwisho nilizipanga kurasa upya. Nilikuwa nangoja neno msamaha, nakiri. Hakulisema, na sasa nafurahi hakulisema kwa ajili ya kutupendeza. Alisema mkono humuuma mawingu yakikusanyika kama leo, na hilo pia Kyalo alijue. Kisha akasema:

"Akitoka, apitie hapa kabla hajafika kwa mamake. Aje mchana, watu wakiona. Atanikuta."

Afisa akamuuliza taratibu kama maana yake ni kwamba hana pingamizi Kyalo akirudi kijijini.

"Nimesema atanikuta," akajibu, akarudi kwenye pojo zake.

Tulipopanda mpaka pale mtandao unaposhika, afisa alisimamisha gari akampigia mwalimu. Mwalimu akatuambia tusikate, akamfuata Kyalo bustanini. Tulisikia nyayo zake, tukasikia akiongea kwa chini. Baadaye akarudi kwenye simu. Alisema Kyalo amekaa chini kwenye udongo, amefunika uso, amelia kidogo, kisha ameuliza mama alisema maneno gani hasa, kwa sababu anataka kuyaandika mwenyewe.

Nililia pia, kwenye gari la serikali, mbele ya mtu niliyemjua siku nne tu. Alinipa karatasi ya chooni kutoka kwenye mkoba wake, akawasha gari. Namshukuru kwa hilo.

Sitajidanganya kwamba nilifanya vizuri. Ile kalamu ingeweza kumpeleka pabaya, na kama haikumpeleka ni kwa sababu yake, si yangu. Siku nyingine nikimuuliza mtu swali zito nitamwambia pia kwamba nipo, nangoja jibu, hata likichelewa.

Lakini leo nimepumua. Nimekula ugali na maharagwe, nikaongeza.

Kesho nikifungua kibanda, wateja watanivumilia kidogo. Nitaanza kupiga chapa ukurasa wa saba, na maneno ya mama pembeni.